Mto umefungwa miaka saba: samoni wa Yukon, vijiji vyake na mbwa wanaovuta sleji

Swali: Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka Kigoma. Mama yangu anauza dagaa na migebuka pale Kibirizi, na mwaka 2024 ziwa letu lilipofungwa miezi mitatu tuliona cha mtema kuni. Sasa nimesoma kwamba Alaska, jimbo la Marekani, kuna mto umefungwa miaka saba, watu hawaruhusiwi kuvua samoni, na wanavijiji wanapunguza mbwa wao kwa kukosa samaki wa kuwalisha. Kuna mambo mawili siyaelewi. Mbwa wanahusikaje na samaki kiasi hicho? Na kwa nini wasinunue tu chakula kingine? Mama naye anauliza: mbwa hao wangepewa dagaa wangekula?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mpe mama salamu zangu. Swali lake la dagaa nimelipenda, nami nimeliweka mwishoni, maana jibu lake halitaeleweka kabla hujajua mbwa yule anakula nini na kwa nini.

Kwanza nikurekebishe kidogo. Samoni ni samaki wa aina kadhaa wanaozaliwa mtoni, wakaenda kukulia baharini, kisha wakarudi mtoni kutaga. Kilichofungwa miaka saba ni aina moja tu, yule mkubwa wanayemwita samoni mfalme. Kilichowanyima mbwa chakula ni kuporomoka kwa samaki mwingine, mdogo na wa bei ya chini, aitwaye chamu. Wenyeji wana jina lao la chamu: samoni wa mbwa. Habari hizi mbili zimechanganywa zikawa moja, na ukizichanganya hutaona kwa nini mbwa wameumia mapema kuliko watu.

Mto wenyewe ni Yukon. Unaanzia Kanada, si mbali na Bahari ya Pasifiki, lakini badala ya kumwagika palepale unaelekea kaskazini, kisha unaikata Alaska yote kutoka mashariki hadi magharibi na kuingia Bahari ya Bering. Ni kilomita 3,190 hivi. Kingoni mwake kuna vijiji vya watu wachache wachache. Karibu na mdomo wa mto wako Wayup'ik, katika vijiji kama Emmonak na Pilot Station. Ukipanda unawakuta Waathabaska wa makundi mbalimbali: Wakoyukon wa Nulato na Ruby, Wagwich'in wa Fort Yukon, Wahän wa Eagle na ndugu zao wa Dawson upande wa Kanada. Vingi vya vijiji hivi havina barabara ya kwenda popote. Mfuko wa unga hufika kwa ndege ndogo, au kwa tishari majira ya joto. Mto ukiganda, barafu yake ndiyo inakuwa barabara, na barabara hiyo inatumika zaidi ya nusu ya mwaka. Juu yake mbwa huvuta sleji, kigari kisicho na magurudumu kinachoteleza kwenye theluji kikiwa na mtu na mizigo.

Barafu inapovunjika mwezi Mei, familia hufunga virago kwenda dago. Neno hilo la wavuvi wetu wa pwani linafaa kabisa hapa: ni kambi ya msimu yenye banda, chanja na jiko la nje, ambamo bibi, wazazi na watoto hukaa hadi samaki wamalize kupita. Mwezi Juni wafalme huingia mtoni, na chamu wa mapema wanakuja nao. Kuanzia katikati ya Julai hadi Septemba hufuata chamu wa baadaye, ambao huenda mbali zaidi kupanda mto. Hao wa baadaye ndio wenye mafuta mengi, na sababu yake inapendeza kuijua. Samoni akishaingia maji baridi hali tena. Safari yote anaifanya kwa akiba aliyokuja nayo kutoka baharini, kwa hiyo anayekwenda mbali lazima aanze safari akiwa amenona. Mfalme wa Yukon anayekwenda kutaga mayai Kanada husafiri hata kilomita 3,000 bila kula kitu.

Sasa nikuonyeshe samaki wa mbwa anavyotengenezwa. Chamu ana kilo tatu hivi. Mkataji, mara nyingi mama au bibi, anashika kisu chenye umbo la mwezi mchanga ambacho Wayup'ik hukiita uluaq. Anamtumbua, anakitenga kichwa, kisha anapitisha kisu ubavuni mwa mfupa wa mgongo upande huu na upande ule, akiacha minofu miwili imeshikana mkiani. Halafu anachanja nyama mikato ya mshazari, mmoja karibu na mwingine, bila kutoboa ngozi, ili upepo uingie. Samaki huyo huningizwa kwenye mti wa chanja, mkia juu, minofu huku na huku kama nguo iliyoanikwa. Chini huwashwa moto mdogo wa kuni za mierebi na miti mingine isiyo na utomvu, moshi ufukuze nzi. Mfupa wa mgongo nao unaanikwa. Kichwa na matumbo vinakwenda kwenye sufuria ya mbwa jioni hiyohiyo. Mama yako angemtazama yule bibi akielewa kila hatua, kwa sababu ni ng'onda yetu ileile, tofauti ni ukubwa wa samaki na baridi ya upepo. Wale wa mwisho kabisa, wanaonaswa Septemba na Oktoba baridi ikishauma, hawakaushwi hata kidogo. Hurundikwa nje wazima wakaganda, wakakaa hivyo hadi wahitajiwe.

Wengi hawavui kwa nyavu peke yake. Tangu miaka ya mwanzo ya 1900 mto ule una magurudumu ya kuvulia: chombo cha miti kinachoelea, chenye vikapu viwili vikubwa vinavyozungushwa na mkondo wa maji wenyewe. Samoni anapanda mto, kikapu kinashuka, kinamchota na kumteremsha kwenye sanduku pembeni. Hakili mafuta ya petroli, na usiku wenye nyumba wakiwa wamelala kinaendelea kuvua. Bila gurudumu hilo, familia moja ingetaabika sana kulisha mbwa kumi.

Hesabu yenyewe iko hivi. Kipimo cha zamani cha njia za sleji ni samaki mkavu mmoja kwa mbwa mmoja kwa siku ya kazi. Chukua mbwa kumi, ambacho ni kikosi cha kawaida tu, na miezi saba ya theluji. Unapata zaidi ya samaki 2,000 kwa nyumba moja, kabla binadamu hajala hata mmoja. Ndiyo maana chamu akaitwa alivyoitwa. Mfalme yeye ni chakula cha watu, na kanuni za Alaska zinakataza kumlisha mbwa mfalme mkavu popote katika bonde la Yukon. Mbwa anaruhusiwa mabaki yake na yule asiyefaa tena kuliwa na mtu.

Kwa nini samaki, na si ugali na mifupa kama mbwa wetu? Mbwa wa sleji ana kilo 20 hadi 25 tu, lakini katika mashindano makubwa ya masafa marefu huunguza kalori kama 10,000 kwa siku. Mkulima anayeshinda na jembe hafikishi hata nusu ya hizo. Tumbo la mbwa haliwezi kubeba ugali wa kutosha kutoa nguvu hizo. Mafuta hutoa nguvu zaidi ya mara mbili ya wanga kwa uzito uleule, na mwili wa mbwa huyu umezoea kuunguza mafuta. Tena kuna suala la maji. Kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri mbwa hapendi kunywa maji matupu, na asipokunywa anaishiwa nguvu kabla ya njaa kumfikia. Kwa hiyo jioni mwenye mbwa huwasha moto chini ya pipa la mafuta lililokatwa nusu, huyeyusha theluji, hutia samaki, mchele au shayiri na kipande cha mafuta, akakoroga hadi uwe mchuzi mzito. Mbwa wakisikia mfuniko wa pipa wanaanza kuimba wote kwa pamoja, na kila mmoja anapata bakuli lake la maji na chakula kwa mara moja.

Nimekaa sana hapa kwa sababu hapa ndipo swali lako la pili linapojibiwa. Unauliza kwa nini wasinunue. Chakula cha mbwa cha dukani kipo, na wapo wanaokinunua. Lakini mfuko huo umelipiwa kiwandani, umelipiwa barabarani hadi mwisho wa lami, halafu umelipiwa tena kwa uzito ndani ya ndege. Kijiji chenye ajira chache za mshahara hakina fedha hizo kila wiki. Uzuri wote wa mbwa ulikuwa kwamba ndiye usafiri pekee ambao mtu asiye na fedha aliweza kuumiliki. Mto ulimletea mafuta ya gari lake bure hadi mlangoni, alichotakiwa kutoa ni jasho la miezi mitatu. Mwambie anunue chakula, na mbwa anageuka kuwa kama pikipiki ya theluji, kitu cha kulishwa kwa noti. Tofauti ni kwamba pikipiki isipotumika hailii njaa.

Na pikipiki hizo, niseme ukweli, ndizo zilizoanza kupunguza mbwa, kabla samaki hawajapungua. Zilienea vijijini miaka ya 1960 na 1970. Posta ya mwisho iliyobebwa na mbwa Alaska ilikoma mwaka 1963 katika kisiwa cha St. Lawrence. Joe Redington Sr. alipoanzisha Iditarod, mashindano ya masafa marefu ya mbwa wa sleji, mwaka 1973, sababu yake mojawapo ilikuwa kwamba aliona vikosi vya mbwa vinatoweka vijijini. Kwa hiyo anayekwambia samoni peke yao wamemaliza mbwa anakupa nusu ya habari. Walioshikilia mbwa wao baada ya hapo walikuwa wale waliowahitaji kweli au waliowapenda sana: mwenye njia ndefu ya mitego ya manyoya, mzee asiyetaka kusikia habari ya spea, familia ya mashindano. Pikipiki ikizimika porini mbali na nyumbani mtu anaweza kufa. Mbwa kiongozi mzuri anaikuta njia ndani ya tufani, na akifika penye barafu nyembamba anagoma. Waliobaki na mbwa walibaki nao kwa sababu mto uliwalisha. Mto ulipokata, ngome hiyo ya mwisho ndiyo iliyopigwa.

Mto ulikata hivi. Wafalme walianza kuyumba mwishoni mwa miaka ya 1990, wakapanda kidogo, wakashuka tena. Miaka ya 1980 na 1990 wafalme wa asili ya Kanada peke yao walikuwa kama 150,000 kwa mwaka. Mwaka 2022 waliofika mpakani walikuwa kama 12,000. Aprili 2024 Alaska na Kanada wakatia saini mkataba wa kutovua mfalme kwa miaka saba, muda unaotosha kizazi kimoja kuzaliwa, kwenda baharini na kurudi. Lengo ni wafalme 71,000 wavuke mpaka. Kuna nafasi ndogo iliyoachwa kwa samaki wa shughuli za mila.

Chamu walikuwa tegemeo la pili. Mfalme alipobanwa, watu wenyewe wakahamia chamu kwa mlo wao, na mbwa akasogezwa nyuma ya foleni. Halafu mwaka 2021 chamu nao wakaanguka. Kwenye mashine ya sauti inayohesabu samaki pale Pilot Station, chamu wa mapema, ambao kwa kawaida huzidi milioni moja, walikuwa kama 150,000. Wa baadaye, wale wanono wa mbwa, walikuwa wachache zaidi. Uvuvi ukafungwa kwa watu na kwa mbwa pamoja. Chamu wa mapema wameanza kurudi kiasi tangu 2023. Wa baadaye bado.

Kuna uchungu mwingine ambao mtu wa mbali hauoni. Mfalme na chamu wa mapema hupita mtoni pamoja, hivyo ukimlinda mmoja umemfungia mtu na mwingine. Kuna miaka ambayo chamu walipita mbele ya kijiji wakiwa wengi na nyavu zimetundikwa ukutani, kwa sababu wafalme wachache walikuwa kati yao. Baadaye ziliruhusiwa nyavu za mkono na magurudumu yenye mtu wa kumrudisha mfalme majini akiwa hai. Hilo ni jambo la busara, ila gurudumu linalotaka mlinzi muda wote haliko tena kama lile lililovua usiku watu wakiwa wamelala.

Utaniuliza nani kawamaliza samaki. Hapa ndipo ninapoona mambo yenu ya Tanganyika na ya Yukon yanapoachana. Kwenu samaki wanazaliwa ziwani, wanakulia ziwani na kuvuliwa ziwani, hivyo ukifunga ziwa umegusa maisha yao yote. Samoni anazaliwa mtoni lakini miaka yake mingi anaishi baharini, na madhara makubwa yamempata huko. Bahari ya Bering ilipata joto lisilo la kawaida kati ya 2016 na 2019. Chakula chenye mafuta ambacho samoni wadogo hukitegemea kilipungua. Watafiti walipofungua matumbo ya chamu wachanga wakakuta konyeza, ambao ni kama kula maji, na miili yao haikuwa na akiba ya kuwavusha majira yao ya kwanza ya baridi. Wengi wa waliokufa mwanzoni mwa miaka hiyo ndio ambao wangepanda mto 2020 na 2021. Mtoni nako maji yalichemka: Julai 2019 katika mto Koyukuk, unaoingia Yukon, walionekana chamu wengi wamekufa na mayai yao tumboni, hawajataga hata moja. Kwa mfalme ongeza kimelea kinachoshambulia moyo wake na upungufu wa vitamini B1. Ongeza pia kwamba anarudi mdogo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa wafalme wa Alaska wamefupika kwa asilimia 8 kulinganisha na kabla ya 1990. Huo unasikika kama upungufu mdogo, lakini kwa idadi ya milo samaki mmoja anayotoa ni pungufu ya asilimia 26.

Halafu zipo meli. Katika Bahari ya Bering hukokotwa nyavu kubwa za kuvua poloki, samaki mweupe anayeishia kwenye mikate ya samaki dunia nzima. Mwaka 2021, mwaka uleule ambao Yukon ilifungwa, nyavu hizo zilinasa chamu zaidi ya 500,000 wasiokusudiwa. Vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba wengi wao walitoka mashamba ya kuzalisha samaki ya Asia, na karibu mmoja katika kila kumi alikuwa wa mito ya magharibi mwa Alaska. Mwezi Juni mwaka huohuo wavuvi wa biashara kusini mwa rasi ya Alaska walivua chamu zaidi ya milioni moja, na sehemu yao walikuwa safarini kuelekea mito hiyo. Wanasayansi wengi wanasema joto la bahari ndilo lililoua zaidi, na mimi nakubaliana nao. Lakini sikubaliani na hitimisho ambalo watu huliburuta kutoka hapo, kwamba basi meli hazina neno. Samaki wakiwa milioni, elfu hamsini ni chenji. Wakiwa laki moja na nusu, elfu hamsini ni theluthi, ingawa si wote walikuwa wa Yukon. Na ukijumlisha kila kiumbe wa mwitu anayevuliwa au kuwindwa Alaska, wanaovua kwa ajili ya mlo wa nyumbani huchukua karibu asilimia 1 tu. Bibi aliyechukua kidogo kuliko wote ndiye aliyeambiwa aache kabisa. Kumwambia aache kuvua mfalme ilikuwa lazima, maana samaki 12,000 hawana cha kugawana. Ila kumwambia yeye kwanza na kwa ukali zaidi, huku viongozi wa makabila wakilalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo mkataba ulipoandikwa, hilo ni dhuluma, na nalitamka hivyo.

Mwaka 2021 serikali ya jimbo na makampuni ya samaki walipeleka samaki wa msaada kwenye vijiji vya Yukon, wengine kutoka Bristol Bay, kusini zaidi, ambako samoni wekundu walikuwa wakivunja rekodi. Mwaka 2022 huko walirudi kama milioni 79. Joto lilelile lililowaua chamu liliwapendelea hawa, maana maziwa wanamokulia yalipata chakula zaidi. Msaada ule ulikuwa mwema na watu waliupokea kwa shukrani. Lakini fikiri anachopokea yule bibi: sanduku la samaki walioganda, waliokatwa tayari na mashine. Wajukuu wake wanne hawana cha kushika. Mtoto hujifunza kisu akiwa amesimama pembeni ya meza ya dago, anapewa kwanza samaki aliyeharibika, kisha mdogo, kisha mzima. Misimu minne au mitano ikipita hivi, kuna watoto watakaofikisha miaka kumi na mitano hawajawahi kuchanja samaki hata mmoja, na bibi hatawangoja milele.

Mbwa nao ni shule kwa namna yao. Huko Huslia, kwenye mto Koyukuk, aliishi George Attla, Mkoyukon aliyezaliwa 1933. Kifua kikuu kilimharibu goti akiwa mtoto, akakaa miaka hospitalini, lakini akaja kuwa bingwa wa mbio za mbwa aliyeheshimika kuliko wote. Katika miaka yake ya mwisho, kabla hajafariki 2015, aliweka nguvu zake katika mpango wa kuwafundisha watoto wa shule pale kijijini kutunza na kuendesha mbwa, akaupa jina la mwanawe Frank aliyefariki kijana. Mtoto mwenye mbwa ana sababu ya kuamka asubuhi, katika eneo ambalo vijana wengi wamekata tamaa. Mpango wa namna hiyo unaanza na chakula cha mbwa. Na wenye mbwa waliobanwa hawakuwaua ovyo kama pengine ulivyofikiria. Kwa kawaida mtu huacha kuzalisha, hugawa wachanga kwa walio na uwezo, wakongwe hubaki hadi mwisho wao, na uwanja wa mbwa ishirini unakuwa wa sita. Ukoo wa mbwa uliochaguliwa kwa vizazi kwa miguu yake na akili yake unaweza kukatika hivyo, kimya kimya.

Kwa sasa watu wanafanya yanayowezekana. Nyavu fupi zenye macho madogo ya inchi 4 zimeruhusiwa kwa nyakati fulani, zinazonasa samaki wengine wa mtoni, na hao wanaingia kwenye pipa la mbwa. Wengine huchemsha mabaki ya musi, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, au nyama na mafuta ya biva, mnyama wa manyoya aishiye majini, anayenaswa kwa mitego. Hakuna kati ya hivi kinachofikia samaki 2,000. Upande wa Kanada, Watlingit wa Teslin walijizuia wenyewe kumvua mfalme tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kabla ya mkataba wowote, wakawa wananunua samaki kutoka kwingine ili watoto wafundishwe kukata. Mimi naona hilo ndilo jambo la akili kuliko yote yaliyofanyika kwenye mto ule, na linastahili kulipiwa na serikali vijiji vyote: ikiwa samaki lazima waletwe, waletwe wazima, na waletwe dago.

Jambo moja nalifikiria sana. Mbwa wa sleji huanza kazi akiwa na mwaka mmoja au miwili, na akifika miaka tisa au kumi amechoka. Mbwa aliyezaliwa majira yale ya 2024 mkataba ulipotiwa saini atakuwa amemaliza sehemu kubwa ya miaka yake ya kazi miaka saba ikiisha. Samoni ana muda wa kungoja kizazi kimoja. Mwenye mbwa hana.

Sasa swali la mama. Mwambie wangekula, tena kwa furaha, na ndoo yake nzima isingewatosha watano kwa jioni moja. Dagaa mkavu ana protini nzuri sana, na mbwa wa kaskazini wamezoea kutafuna samaki na mifupa yake. Kasoro yake ni mafuta: dagaa aliyekauka vizuri juani hana ya kutosha kumtosheleza mbwa anayekimbia kwenye baridi ile. Angelazimika kumchemsha kwenye maji mengi na kutia donge la mafuta ya ng'ombe, nusu kilo hivi kwa kila sufuria kubwa, na kuwapa mchuzi ukiwa wa vuguvugu.